Mlango wa Serikali Unapitia Simu Gani?

Huduma nyingi ambazo zamani tulizifuata dirishani sasa tunaelekezwa kuzifuata kwenye simu. Mwanafunzi anaomba mkopo kwa mtandao. Mhitimu anaomba ajira serikalini kwa mtandao. Mzazi anafuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, mfanyabiashara anashughulikia leseni yake, mwenye kiwanja analipia kodi ya pango la ardhi, na wote wanaambiwa kwamba siku za foleni zimepita. Ni jambo jema. Anayezikumbuka foleni zile, na yule karani aliyekuwa akienda kunywa chai saa nne na kurudi saa sita, hawezi kuzililia. Hata hivyo, mabadiliko haya yameleta swali ambalo wanasiasa wetu hawaliulizi, na ambalo wahandisi wengi hawalioni kuwa ni la kisiasa: mlango huu mpya umetengenezwa upitiwe kwa simu ya aina gani?

Kiolesura ni ule uso wa mfumo ambao mtumiaji anauona, anausoma na kuujibu. Anayekibuni huamua ukubwa wa herufi, lugha, mpangilio wa maswali, kiasi cha bando kitakachotumika, na kabla ya yote hayo, aina ya simu itakayokubaliwa. Kila uamuzi wa namna hiyo unawaingiza watu fulani na kuwaacha wengine nje. Zamani, ilipoamuliwa ofisi ya wilaya ijengwe mahali fulani, madiwani walibishana, wazee walituma ujumbe kwa mkuu wa mkoa, na kata iliyo mbali ililalamika waziwazi. Leo huduma inaweza kuwekwa kwenye programu ya simu janja peke yake, na kwa mamilioni ya watu ofisi ikawa imesogezwa mbali kuliko makao makuu ya mkoa, bila baraza lolote kuujadili uamuzi huo.

Mimi si mhandisi. Nafundisha sera za umma. Hoja yangu ni kwamba huduma yoyote ya umma inapaswa kubuniwa kwanza kwa ajili ya simu duni kuliko zote zilizomo mikononi mwa wananchi, kisha ndipo ipandishwe kwenda kwenye simu zenye uwezo zaidi. Na kanuni hii iwe sharti, isiachwe kuwa hisani ya mbunifu mwenye moyo mzuri.

Simu zetu si za aina moja

Mwaka 2007 yalitokea mambo mawili yanayostahili kuwekwa pamoja. Nchini Marekani kampuni ya Apple ilitoa iPhone ya kwanza, simu ya kioo kitupu kinachoguswa kwa kidole. Nchini Kenya, mwezi Machi mwaka huohuo, Safaricom ilizindua M-Pesa, ambayo menyu yake ilikaa ndani ya laini na kufanya kazi kwenye simu ya bei ndogo yenye vitufe. Ile ya kwanza ilibadilisha simu yenyewe. Hii ya pili iliichukua simu kama ilivyokuwa na kubadilisha kile ambacho mwenye simu angeweza kufanya. Mwaka uliofuata M-Pesa ilifika Tanzania, na leo muuza mchicha anayejua kupiga *150*00# haoni kwamba anatumia teknolojia ya ajabu. Anaona anatuma hela tu.

Jambo hili si dogo. Waliobuni M-Pesa hawakusema wasubiri mpaka kila Mkenya awe na simu ya kisasa. Walianzia kwenye simu iliyokuwapo, wakauliza: kwa vitufe hivi na kioo hiki kidogo, mtu anaweza kufanya nini kwa hatua chache na bila kukosea? Swali hilo ndilo lililojenga huduma inayojulikana duniani kote.

Sasa tazama simu tulizo nazo. Chini kabisa kipo kitochi, au kiswaswadu kama tunavyokiita kwa mapenzi na kejeli: kinakaa na chaji siku kadhaa, kina tochi, kina redio, hakina programu. Kwa miaka kadhaa takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zimeonesha kwamba simu za namna hii zinazotumika nchini ni nyingi kuliko simu janja. Juu yake kidogo kuna simu za vitufe zinazoingia mtandaoni, kama ile Smart Kitochi ya Vodacom iliyotumia mfumo endeshi wa KaiOS. Kisha zinafuata simu za Android za bei ndogo, nyingi zikiwa za Tecno na itel, zenye kumbukumbu finyu na toleo la zamani la mfumo. Google yenyewe ilitambua hali hiyo ilipotoa mwaka 2017 toleo jepesi la Android kwa simu zenye kumbukumbu ya uendeshaji isiyozidi gigabaiti 1. Juu zaidi zipo Android za gharama na iPhone, ambazo mara nyingi ndizo zilizomo mifukoni mwa wanaoidhinisha mifumo ya umma.

Hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Mfumo unaoneshwa kwa kiongozi kwenye kioo kikubwa, ndani ya chumba chenye kiyoyozi na mtandao usiokatika. Unafanya kazi vizuri, watu wanapiga makofi, utepe unakatwa. Hakuna aliyeleta kitochi kwenye hafla hiyo.

Kila jukwaa na adabu zake

Wako wanaodhani kubuni kwa ajili ya simu tofauti ni kuchukua sura moja na kuibana iingie kwenye vioo tofauti. Kila jukwaa lina adabu zake, na asiyezijua atamchosha mtumiaji.

Watumiaji wa iPhone wamezoea alama ya kurudi nyuma iliyo juu kushoto. Wa Android wamezoea kurudi kwa kitufe au ishara ya mfumo wenyewe. Apple huwashauri wabunifu wasiweke sehemu ya kugusa iliyo ndogo kuliko pointi 44; Google hushauri vipimo 48 vya Android, ambavyo kwenye kioo ni takriban milimita 9. Vipimo hivi vimetokana na upana wa kidole cha binadamu. Kidole cha mkulima aliyetoka kupalilia hakipungui unene kwa sababu fomu imetoka wizarani.

Kwenye kitochi adabu ni nyingine kabisa. Mlango wa kitochi ni ile huduma ya kupiga nyota na reli, ambayo mafundi huiita USSD. Ukurasa wake mmoja hubeba herufi 182 tu. Si kama ujumbe mfupi unaokaa kwenye simu ukusubiri. Ni mazungumzo ya papo kwa papo, na ukichelewa kujibu mtandao unakata nawe unaanza upya. Hakuna picha, hakuna rangi, hakuna kitu cha kubonyeza isipokuwa namba. Ndani ya finyu hiyo kila neno lina gharama. Mbunifu anayeanza ukurasa kwa kuandika “Tafadhali chagua huduma unayohitaji kutoka katika orodha ifuatayo ya huduma zetu” amekwisha kula karibu nusu ya nafasi yake, na mwananchi bado hajaambiwa kitu. Mwenzake anayeandika “1. Ombi jipya 2. Ombi langu limefika wapi? 3. Lipa ada 4. Ongea na mtu” ametumia herufi zisizofika 80, na amesema yote.

Chukua mfano wa Namba ya Utambulisho wa Taifa. Ina tarakimu 20. Kwenye simu janja, mbunifu mwenye huruma ataigawa katika mafungu ili macho yasipotee. Kwenye kitochi, kumtaka mtu aziandike tarakimu 20 huku muda unahesabiwa ni kumtega. Lakini je, ni lazima kumwuliza? Laini zetu zilisajiliwa kwa alama za vidole na kuunganishwa na namba hiyohiyo, katika zoezi ambalo ukomo wake ulifika Januari 2020. Kwa huduma ndogo kama kujua ombi limefikia hatua gani, laini yenyewe ingeweza kuwa utambulisho wa kuanzia.

Nasema “kwa huduma ndogo” kwa makusudi. Simu nyingi vijijini ni za familia. Laini anayoitumia mke inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la mume, na ya bibi kwa jina la mjukuu. Mwanamke anayefuatilia shauri la matunzo ya watoto hapaswi kujibiwa kwa ujumbe mfupi unaobaki kwenye simu ambayo mume wake ataishika jioni. Kwake yeye, jibu la USSD lisiloacha maandishi kwenye kikasha cha ujumbe lina usalama zaidi. Mambo kama haya hayafundishwi na mwongozo wa Apple wala wa Google. Yanajulikana kwa kuishi na watu, au kwa kuwauliza.

Pengo linapozaa dalali

Katika somo langu la sera huwapa wanafunzi zoezi. Chagueni huduma moja ya umma. Ijaribuni kwa kitochi, kisha kwa Android ya bei ndogo, kisha kwa simu ya gharama. Andikeni kila mahali mlipokwama. Matokeo hayanishangazi tena, lakini bado yananiudhi. Kitufe cha kuwasilisha fomu kimefunikwa na baobonye ya simu kwenye kioo kidogo. Ujumbe wa kosa umetoka kwa Kiingereza katika ukurasa ulioandikwa Kiswahili. Mfumo unadai cheti kiwe faili la PDF lisilozidi ukubwa fulani, ilhali picha inayopigwa na simu yenyewe inazidi ukubwa huo mara kadhaa, na mfumo hauna hata subira ya kuipunguza. Muda wa kujaza umekwisha ukurasa wa tano, na yote yaliyojazwa yamepotea.

Mwananchi aliyekwama hivyo huenda steshenari. Wasomaji wangu wengi mnaijua: kibanda chenye kompyuta moja, mashine ya kutoa nakala, na kijana mwepesi wa vidole. Kijana huyo anajaza fomu kwa malipo. Anafungua barua pepe kwa niaba ya mwombaji, anachagua nywila mwenyewe, mara nyingine anaweka namba yake ya simu ili ujumbe wa uthibitisho uje kwake, kazi iende haraka. Kila mwaka napokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasiojua barua pepe iliyotumika kuwaombea mkopo, wala nywila yake. Anayeijua ni mtu wa steshenari iliyo mbele ya stendi ya mabasi, mamia ya kilomita kutoka chuoni.

Simlaumu kijana wa steshenari. Anaziba pengo aliloachiwa, na pengine bila yeye wanafunzi hao wasingefika chuoni. Lakini tuone kilichotokea. Tuliondoa karani wa dirishani, aliyeajiriwa, aliyekula kiapo cha utumishi na ambaye angeweza kuwajibishwa. Mahali pake pameshikwa na dalali asiye na mkataba na Serikali, anayeshika taarifa binafsi za maelfu ya watu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria hiyo itamlindaje mtu ambaye kiolesura kibovu kimemlazimisha kukabidhi nywila yake kwa mtu asiyemfahamu?

Lipo jambo jingine linalofichua vipaumbele vyetu. Tangu 2017 Serikali imekuwa ikikusanya malipo yake kupitia mfumo wa namba ya malipo yenye tarakimu 12, inayoanza na 99. Namba hiyo unaweza kuilipia kwa simu yoyote, hata kitochi chenye kioo kilichopasuka. Ni kazi nzuri iliyofikiriwa vizuri. Lakini mara nyingi, ili mtu aombe huduma anayoilipia, au akate rufaa, au alalamike, atahitaji simu janja au kompyuta. Kuipa Serikali hela kumewezekana kwa kila simu. Kuidai Serikali huduma kumeachiwa simu chache. Siamini kwamba kuna aliyekaa akapanga hivyo, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi: ubaguzi usiopangwa na mtu hauna wa kuuwajibikia.

Lugha, na saa zetu

Sehemu ya kiolesura isiyohitaji fedha nyingi ni lugha, nayo ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Kazi ile ilithibitisha kwamba Kiswahili kinatosha kuendesha kompyuta. Kilichobaki ni nia, na uangalifu.

Nasema uangalifu kwa sababu tafsiri ya haraka inaweza kudhuru. Chukua muda wa mwisho wa kuwasilisha maombi. Mfumo wa kigeni unasema dakika moja kabla ya usiku wa manane, na mtafsiri anaandika “saa 11:59 usiku”. Kwa Mswahili, saa 11:59 usiku ni dakika moja kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Mwombaji anayehesabu saa kama alivyofundishwa na bibi yake ataamka alfajiri kumalizia fomu, na atakuta mlango ulifungwa saa sita zilizopita. Usahihi ni “saa 5:59 usiku”, na kwa kuwa saa ya simu yake inaonesha 23:59, mbunifu makini ataandika zote mbili. Ni mstari mmoja tu wa maneno, lakini unaweza kuamua nani anasoma chuo na nani anarudi kijijini kusubiri mwaka mwingine.

Vilevile sarufi yetu haikubali kubanwa katika violezo vya Kiingereza. Huwezi kuandika “3 imechaguliwa” kwa kila kitu. Watu watatu wamechaguliwa, vyeti vitatu vimechaguliwa, fomu tatu zimechaguliwa. Mfumo usiojua ngeli huzungumza kama mgeni aliyeshuka melini jana, na mwananchi anayeusoma hushawishika kwamba hata Serikali yake ni ngeni. Nchi iliyobadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama haina sababu ya kuvumilia hali hiyo.

Wapo pia wasioona. Simu za Android zina kisomaji kiitwacho TalkBack, na iPhone zina VoiceOver. Vyote husoma kwa sauti kilichomo kwenye kioo. Lakini haviwezi kusoma kitufe ambacho mbunifu amekichora kama picha bila kukipa jina. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Kukipa kitufe jina hakuhitaji bajeti ya nyongeza.

Majibu kwa wanaopinga

Nimewahi kuijadili hoja hii na watumishi wa umma na watengenezaji wa mifumo, na wana pingamizi zinazostahili kujibiwa.

La kwanza ni kwamba simu janja zinaongezeka, kwa hiyo tuvute subira na tatizo litajimaliza. Ni kweli zinaongezeka. Lakini haki ya raia haiahirishwi mpaka bei ya simu ishuke, na mwanafunzi wa mwaka huu hana mwaka mwingine wa kuwa mwanafunzi wa mwaka huu. Zaidi ya hayo, kuwa na simu janja si kuwa na bando, wala chaji, wala mtandao unaoshika. Mwenye Android asiye na bando siku hiyo hana tofauti kubwa na mwenye kitochi.

Na anayejenga juu ya jukwaa la kisasa peke yake ajue kwamba majukwaa hufa. Microsoft iliacha kuzihudumia simu zake za Windows mwanzoni mwa 2020. Huduma za mfumo wa zamani wa BlackBerry zilizimwa Januari 4, 2022. Simu zilizowahi kuwa fahari ya mawaziri zikawa mapambo. Huduma ya nyota na reli, iliyodharauliwa kuwa ya kizamani, ilikuwapo kabla yao na bado inaitika.

Pingamizi la pili ni gharama: kutengeneza mfumo mara tatu au nne ni ghali. Hili ni la kweli iwapo kila mlango utajengewa nyumba yake. Lakini huduma iliyobuniwa vizuri ina moyo mmoja, yaani kanuni na kumbukumbu zake, na nyuso kadhaa zinazouliza moyo huohuo. Uso wa USSD, ukurasa mwepesi wa tovuti unaofunguka kwenye simu yoyote janja, na programu kwa wanaoitaka. Uingereza ilipoanzisha tovuti ya GOV.UK mwaka 2012, wasimamizi wake waliyakatisha tamaa mashirika ya serikali yasikimbilie programu za simu, wakitaka kwanza tovuti zinazofanya kazi kwenye kila kifaa. Programu yao ya simu waliizindua kwa majaribio mwaka 2025, baada ya zaidi ya miaka kumi ya kuimarisha msingi. Nchi tajiri kuliko sisi iliona programu ni anasa ya kusubiri. Sisi mara nyingi tunaanzia juu ya paa.

India nayo, pamoja na mafanikio ya malipo yake ya simu janja, Machi 2022 ilizindua njia ya kulipa kupitia mfumo huohuo kwa simu za vitufe, iitwayo UPI 123PAY. Na hapa nyumbani, Mamlaka ya Serikali Mtandao inayo *152*00#, inayokusanya huduma za taasisi za umma chini ya namba moja. Mlango upo, umejengwa na Serikali yenyewe. Ninachoomba ni kwamba usiwe mlango wa nyuma unaokumbukwa baada ya programu kuzinduliwa, bali kila taasisi iulizwe: huduma yenu mpya inaanzaje pale?

La tatu ni usalama na uwezo. USSD haiwezi kubeba picha ya cheti, na ulinzi wake si sawa na wa programu iliyofungwa kwa usimbaji. Nakubali. Si kila hatua ya kila huduma inaweza kufanyika kwa kitochi. Lakini mtu anaweza kuanzisha ombi kwa kitochi, akapewa namba ya kumbukumbu, akapeleka vyeti vyake ofisi ya kata mara moja tu, kisha akafuatilia mengine yote kwa simu yake. Rwanda, kwenye huduma za Irembo, haikumwacha asiye na kifaa peke yake. Ina mawakala wanaotambulika. Wakala anayetambulika, mwenye kanuni na bei zilizobandikwa ukutani, si sawa na dalali aliyezaliwa na uzembe.

Kinachowezekana kufanyika

Mwaka 2022, katika Sensa ya Watu na Makazi, makarani walipewa vishikwambi na mafunzo. Serikali ilielewa kwamba mtu hawezi kutumwa kazi bila chombo. Inapomtaka mwananchi ajihudumie mwenyewe, haimpi chombo wala mafunzo. Basi angalau fomu imfuate kwenye chombo alicho nacho.

Sheria ya Serikali Mtandao tunayo tangu 2019. Chini yake, napendekeza masharti manne yaandikwe katika viwango vya mifumo ya umma na katika kila mkataba wa zabuni. Mosi, hakuna mfumo utakaopokelewa na taasisi kabla ya kujaribiwa na wananchi halisi, kwa kitochi na kwa simu janja ya bei ya chini, nje ya mji, na ripoti ya jaribio hilo iwe wazi kwa umma. Pili, kila huduma iwe na angalau hatua tatu zinazowezekana kwa USSD: kuanzisha ombi, kujua limefikia wapi, na kulalamika. Tatu, Kiswahili kiwe lugha ya kwanza ya kubunia, si ya kutafsiria, na kikaguliwe na mtu anayekijua. Nne, taasisi itangaze kila mwaka wangapi walianza kujaza fomu na wangapi walimaliza, kwa kila aina ya simu. Pengo baina ya namba hizo mbili litatuambia zaidi ya hotuba yoyote ya uzinduzi.

Kwenu wanafunzi wa kompyuta, kabla hamjaonesha mradi wenu wa mwisho, uwekeni kwenye simu ya mama mmoja sokoni, nyamazeni, mtazame vidole vyake. Kwenu wanaharakati, mnapoidai Serikali uwazi, ombeni ripoti za majaribio ya mifumo kama mnavyoomba vitabu vya bajeti. Na kwenu watumishi wa umma mnaokaa kwenye kamati za kupokea mifumo, ambao najua mko miongoni mwa wasomaji wangu: siku mkandarasi atakapokuja na kioo chake kikubwa, wekeni mezani kitochi chenye laini na salio dogo, mwombeni aanzie hapo. Jibu atakalotoa mliandike kwenye kumbukumbu za kikao.